Ukurasa Uliobadili Maisha ya Makamu

Hii nimetumiwa asubuhi na mtu wa nyumbani, nikaona si vizuri kukaa nayo peke yangu. Isome mpaka mwisho, halafu mpelekee mwalimu yeyote unayempenda.

Katika shule moja ya sekondari huko milimani Upareni alikuwepo makamu mkuu wa shule aliyeitwa Mwalimu Kiangi. Alifundisha Fizikia. Wanafunzi walimwogopa kiasi kwamba akikohoa kule ofisini, darasa la pili kutoka hapo lilinyamaza.

Siku chache kabla ya likizo ya Juni, mkutubi wa shule, Madam Nakiete, alibandika karatasi kubwa ya manila ukutani. Juu yake aliandika: "Wafanyakazi wote, waambieni wanafunzi kitabu kimoja cha kusoma likizo hii. Andika jina lako, kitabu na sababu."

Wa kwanza kuandika alikuwa mpishi, Bi Zaituni. Aliandika kijitabu cha hadithi za wanyama, na sababu yake ilikuwa hii: "Nilikisoma jikoni nikacheka mpaka maharage yakaungua. Mnisamehe kwa siku ile."

Wanafunzi walijazana pale ukutani wakicheka, na walimu nao wakaanza kuandika vyao.

Mwalimu Kiangi aliisoma karatasi akiwa amefunga mikono nyuma. Moyoni alijiambia kwamba makamu mkuu hawezi kuandika hadithi za sungura. Tatizo ni kwamba, ukiacha vitabu vya kufundishia, hakuwa amemaliza kitabu chochote kwa miaka mingi.

Hata hivyo, ofisini kwake kilikuwepo kimoja. Kilikuwa kinene kama tofali, kiitwacho *Mantiki ya Maumbile na Dola*, alichopewa zawadi siku ya kuhitimu chuo. Alikiweka rafuni kikitazama mlango ili kila anayeingia akione, na kila Ijumaa alikifuta vumbi. Kukifungua, hakuwahi.

Akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Kitabu hiki kilibadili maisha yangu."

Akaondoka ametulia. Nani angethubutu kukiazima?

Kesho yake mlango wa ofisi uligongwa taratibu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje?"

Alikuwa Namsifu, msichana wa kidato cha pili aliyepata ishirini na moja kwa mia katika Fizikia. Alisimama akivuta-vuta mkono wa sweta.

"Naomba kile kitabu, mwalimu. Kile kilichobadili maisha yako."

Kiangi alitazama rafuni, kisha akamtazama binti. "Kile? Kile ni kigumu, Namsifu. Chukua cha Bi Zaituni."

"Cha Bi Zaituni kimeshaazimwa. Halafu, mwalimu..." Akaachia sweta. "Baba amesema nikifeli tena Novemba, basi, nitabaki shambani kwenye tangawizi. Mimi maisha yangu yanatakiwa yabadilike kabla ya Novemba."

Angeweza kusema ukweli pale pale, wakiwa wawili tu. Lakini alikuwa makamu mkuu, na huyu alikuwa mtoto wa kidato cha pili. Akakitoa kitabu rafuni, akampa.

"Kitunze," alisema.

Likizo ile Mwalimu Kiangi hakupumzika. Kila alipokaa kula, alimwona yule binti akifungua kurasa. Siku moja alipanda basi mpaka Moshi, akazunguka maduka ya vitabu akitafuta nakala nyingine ili naye asome haraka haraka kabla shule haijafunguliwa. Katika duka la nne muuzaji alimcheka waziwazi.

"Hicho, mzee? Tangu nianze kazi hapa hakuna aliyewahi kukiulizia. Kwani kinasema nini?"

"Ndiyo hilo ninalotaka kujua," alijibu Kiangi, akatoka.

Shule ilipofunguliwa Julai, ikawa zamu ya mwalimu kumkimbia mwanafunzi. Alipomwona Namsifu akija kwenye korido, aligeuza njia na kwenda chooni. Siku ya tatu mwalimu wa zamu alimuuliza kama tumbo linamsumbua.

Ijumaa, mstarini, Madam Nakiete aliwaita waliosoma waje mbele mmoja mmoja. Wawili wa kwanza walisimulia vizuri, wakapigiwa makofi. Wa tatu akatoka Namsifu, kitabu amekifunga kwa gazeti kisichafuke.

"Shikamooni, walimu wangu. Mimi nilisoma kitabu cha Makamu. Kina kurasa mia sita na kumi na mbili. Nilikisoma shambani, huku nikifukuza ngedere. Sura ya tatu niliirudia mara nne, na mara ya nne nililia."

Shule nzima ikacheka. Yeye hakucheka.

"Nilikimaliza usiku wa kuamkia shule. Ila kuna jambo sijalielewa. Nimeutafuta ule ukurasa uliobadili maisha ya Makamu, sijauona. Labda niliupita nikiwa na usingizi." Akamgeukia. "Mwalimu, naomba uniambie ni ukurasa wa ngapi, nikausome tena."

Akatoa kalamu, akakunjua kiganja cha mkono wa kushoto, tayari kuandika.

Kiangi alikitazama kile kiganja. Jibu lilikuwa rahisi. Angetaja namba yoyote, mia tatu na saba, mambo yangeisha. Nani pale angembishia? Midomo yake ilishaanza kuitamka hiyo mia tatu.

Kisha akaona picha nzima: binti huyu amekaa kitandani bwenini, anausoma ukurasa wa mia tatu na saba kwa mara ya kumi, haoni kitu, na anaamini kwamba mjinga ni yeye.

"Namsifu," alisema. "Sijui. Kitabu hicho sijakisoma. Nimekaa nacho miaka kumi na tisa na sijasoma hata ukurasa mmoja. Niliandika vile ili nionekane msomi. Nisamehe."

Mahali fulani mtoto mmoja aliangusha kijiko kilichokuwa mfukoni, na kila mtu akakisikia.

Ndipo mkuu wa shule mwenyewe, Mwalimu Mbwambo, akakohoa.

"Aaa... kwa kuwa leo ni siku ya ukweli," alisema akitazama viatu vyake, "mimi changu nilisoma jalada la nyuma tu."

"Mimi nilisimuliwa na mke wangu," akadakia mwalimu wa Hisabati.

"Mimi changu nilikianza," alisema mwalimu wa Jiografia. "Mwaka juzi."

Macho ya wanafunzi mia nne yakahamia mlango wa jikoni, ambako Bi Zaituni alikuwa amesimama na mwiko wake.

"Msiniangalie mie!" alipaza sauti. "Mie changu nimekisoma mara tatu, na yale maharage mliyala wenyewe."

Wanafunzi walicheka mpaka mistari ikavunjika. Madam Nakiete alijishika mbavu, akaegemea mlingoti wa bendera. Vicheko vilipotulia kidogo, Namsifu akanyoosha mkono. Alikuwa bado hajamaliza.

"Mwalimu, mimi sijakasirika. Kitabu chenyewe kinachosha, ukweli ni huo. Lakini juzi nilifungua kitabu cha Fizikia, nikakiona chepesi! Sentensi zake fupi, na picha zimo. Nimeshasoma sura tano. Nilikuwa nadhani siwezi kumaliza kitabu kinene. Kumbe naweza."

Mwalimu Kiangi alisogea mbele yake, mbele ya shule nzima, akanyoosha mikono miwili kama mtu anayepokea cheti.

"Nipe hicho kitabu," alisema. "Sasa ni zamu yangu. Na sura zitakazokushinda za Fizikia, njoo ofisini saa tisa kila Jumanne. Usigonge, ingia tu."

Namsifu akampa. "Pole, mwalimu," alisema kwa huruma ya kweli, na shule ikaangua kicheko tena.

Jumanne ya kwanza alikwenda peke yake. Kufikia Septemba ofisi ile ilikuwa haitoshi, ikabidi wahamie darasani. Novemba Namsifu alifaulu Fizikia, na baba yake alitoka mwenyewe shambani na kikapu cha tangawizi kuja kuwashukuru walimu.

Kabla ya likizo ya Desemba Madam Nakiete alibandika karatasi nyingine. Safari hii majina yalikuwa machache, na vitabu vingi vilikuwa vyembamba. Katika mstari wa mwisho, kwa ule mwandiko mzuri, palikuwa pameandikwa: "Kiangi. Bado sina cha kuwashauri. Nipo ukurasa wa themanini na nne, na sura ya tatu imenitoa machozi."

Funzo: Usimsifie mwenzako kitu ambacho wewe mwenyewe hujakijaribu, maana anaweza kukuamini kwa moyo wake wote, na ukigundua amekuamini, mwambie ukweli upesi, kwa kuwa heshima ya mkubwa haipungui kwa kusema "sijui".