Maji Yanayomwagika

Kulikuwa na wanafunzi wanne wa uhandisi wa mitambo, mwaka wa mwisho. Mradi wao wa timu ulikuwa huu: pandisheni maji ya kijito hadi kwenye tangi la zahanati kule mlimani. Bila umeme, bila mafuta, bila visingizio. Mkishindwa, hakuna kuvaa joho.

Wakaunda pampu ya chuma. Kiongozi wao, binti mwenye kiburi cha kutosha darasa zima, akaibonyeza vali ya chini kwa kiganja, mara kadhaa, kisha akaiachia. Tak! Ikaendelea yenyewe. Tak! Tak! Maji yanateremka kwa kasi, vali inajifunga ghafla, na ule mshtuko unasukuma maji kidogo juu, juu kuliko yalikotoka! Equations zote alikuwa nazo kichwani, lakini alipogusa bomba na kukisikia chuma kikipiga kama moyo, akawaita wenzake nao waje waguse. Nani aliyeiweka nguvu hii ndani ya maji, ndugu zangu, tangu uumbaji, sisi tukiyafulia soksi tu?

Siku ya wakaguzi, aibu ikamshika. Kwa kila kikombe kilichopanda, ndoo nzima ilimwagika pale kwenye vali.

"Tuwaonyeshe maprofesa pampu inayovuja? Tutachekwa, guys. Leteni waya."

"Boss lady, acha hiyo vali," mwenzake akamwonya. "Lazima imwage. Yanayomwagika ndiyo yanayosukuma mengine yapande."

"Mimi nataka zero loss!"

Akaifunga. Hakuna hata tone lililomwagika. Safi! Maprofesa wakafika na suti zao. Pampu kimya. Kule juu nesi akapaza sauti: "Nyinyi wa chuo! Tangi kavu!"

"Mmeunda sanamu nzuri," akasema mkaguzi mmoja.

Binti akaona joho likimponyoka. Akaingia kijitoni na viatu vyake vya heshima, akaukata ule waya, akabonyeza. Tak! Maji yakamrukia kifuani, yakawarukia maprofesa usoni. Tak! Tak! Wakasubiri, shingo zimeinuka.

"Yamefika! Wee, yamefika!" nesi akapaza sauti kule juu.

Hakuna aliyejipangusa. Hata yule wa sanamu alisimama mdomo wazi, kama mtu aliyeingia patakatifu bila kubisha.

Mnapiga makofi? Subirini. Mnadhani sisi ndio yule binti? Sisi ndio maji.

Sisi wenye digrii bila kazi, tunaolala sebuleni kwa shangazi, tumejizoesha kujiita hasara. Nani katudanganya? Na wewe uliyepanda, unayetuhubiria "vijana, jitumeni" ukiwa kwenye kiti kinachozunguka, ni nani aliyeanguka ili wewe upande? Ni dada aliyeacha shule usome wewe? Ni mama ambaye mgongo wake haunyooki tena? Huyo ndiye unayemwita waste? Hakuna tone lililoingia tangini kwa ujanja wake.

Basi leo usimshukuru Mungu kwa kukupandisha. Bado. Shuka kwanza, ukamtafute aliyemwagika.