Fisi Alivyokata Sukari Guru

Wewe unayeguna hapo jamvini, mguno umeze. Sijatia hata neno, ushakataa! Uliwahi kumfuata fisi ukaona alikoishia? Basi.

Naitua!
— Itue tuione!
Ina chumvi!
— Tutakunywa maji!

Hapo kale Mama Sange, mnyama mdogo kama panya, pua kama mrija, alikaa kwenye kichuguu na wanawe. Siku moja Fisi huyo, ti! ti! ti!

"We pua-mrija, toka! Kichuguu nakitaka. Na watoto niachie humo humo."

Mama Sange meno hana, ubavu hana. Alichokuwa nacho ni donge la sukari guru, pana chini, limechongoka juu kama pia iliyopinduliwa. Akajiona mpumbavu, lakini akaliweka chini.

"Sawa, mzee. Ila mila ya hapa, unakata kipande cha donge hili, mara moja tu. Umbo la kipande ndiyo njia yako ya kukizunguka kichuguu. Ukirudi ulipoanzia, vyote vya ndani ni vyako."

Fisi akashika kisu. "Nikikata bapa?"

"Kipande duara. Utazunguka kichuguu, utarudi."

"Nikiinamisha kisu?"

"Kipande yai. Utazunguka kichuguu na shamba la kunde, utarudi."

"Nikizidi kuinamisha?"

"Yai refu. Utafika hadi mtoni, utarudi."

"Na nikifuata mteremko wa ubavu, hadi chini?"

Mama Sange akajishika kichwa. "Hapana, mzee! Hapo utachukua mno! Tuonee huruma!"

Fisi akisikia "mno", mate humdondoka. Kwacha! Kipande kikatoka kichwa mviringo, miguu miwili wazi, isiyokutana. Akakibana kinywani, mbio. Ti! ti! ti! Akakipinda kichuguu kwa nyuma, akaenda zake. Kila akikimbia, eneo la kuchukua likapanuka. Kila likipanuka, akazidi kukimbia.

"Mama, atarudi?"

"Mwezi hurudi, njia yake imefunga. Nyota zenye mkia, nyingine njia yao yai refu, huchelewa lakini hurudi. Nyingine njia yao wazi; hupita mara moja, kwaheri. Huyu ni wa hizo." Akalamba kisu. "Na mama yenu ndiye hodari huyu: nyumba kaokoa, sukari kampa mwizi."

Funzo: ukiwa na tamaa, iwe kubwa. Tamaa ndogo humrudisha mtu palepale. Kubwa ilimfikisha Fisi mbali. Nitazameni mimi: tangu nimalize darasa la saba nazunguka jiko hili hili, duara safi kuliko la mwalimu.

Ikiwafaa, ondokeni nayo. Isipowafaa, iacheni jamvini, itafagiliwa. Mimi natoka. Msiulize kama narudi. Upimeni mgongo wangu ulivyoinama, kama kisu cha Fisi.

Mlango huo: ba!