Fungu la Matimbwa

Sogeeni, maana habari hii hakuna anayeijua kama mimi. Hata waliokuwepo wenyewe hawakuiona vizuri hivi.

Zamani, kando ya mto Kilombero, samaki hakuwa na kesho. Kambare walikuwa wakubwa, mmoja akijigeuza mto unahama njia, lakini ukimvua asubuhi, jioni ananuka. Wazee wakaweka desturi: mtu akipotea mtoni, fungu lake la samaki linapelekwa nyumbani kwake. Likinuka, basi amekufa. Mke ananyolewa, msiba unaanza.

Matimbwa alipotea na mtumbwi wake siku ya mvua kubwa. Mkewe, Nyamkomba, akaletewa fungu, kambare mzima. Hakutaka kulia. Akamkunja, akamlaza kwenye kichanja juu ya mafiga, akachochea kuni mbichi ili moshi ufukuze nzi. Nawaambieni, moshi ule ulifunika jua, kuku wakalala mchana.

Asubuhi shemeji yake, Libenanga, akaja kunusa.

"Shemeji, bado tu?"

"Nusa mwenyewe. Pua si unayo?"

"Ninayo. Samaki mkaidi huyu, kama wewe."

"Basi ndugu yako yu hai. Nenda kamtafute."

Akaja tena kesho yake, akaja mwezi ulioandama. Samaki kakauka, kawa mweusi, hanuki. Utani ukamwisha Libenanga. Mama yake Matimbwa akawa anakonda, kilio kimemjaa kifuani na hana ruhusa ya kukitoa. Msiba upo, hauanzi.

Yakaja masika yaliyomeza mashamba. Mto hauvuliki, watoto wanalia njaa. Mama yake Matimbwa akajikokota mpaka jikoni.

"Mwanangu, hata akirudi, atamkuta nani?"

Nyamkomba akainuka. Akamshusha kambare, akamnusa. Mzima kabisa. Akammega kwa mikono, akawagawia watoto, kipande cha mwisho akampa mkwewe. Ndipo akapiga ukelele wa msiba, viboko wakatoka majini kusikiliza. Libenanga akaleta wembe, akauweka chini.

Na tangu siku hiyo watu wa mtoni tunabanika samaki kwa moshi, anakaa mpaka masika yapite. Lakini anayembanika lazima machozi yamtoke. Mgeni atakwambia ni moshi. Mwache. Hakumjua Matimbwa.