Nani Aliyeiokoa Ilunda United?

Sogeeni karibu, mkae vizuri, na mwenye simu aizime. Habari ninayowaletea ni ya mpira wa miguu, lakini hata asiyeujua mpira ataielewa. Ninawaomba kitu kimoja tu: sikilizeni kwa haki, kwa sababu mwishoni nitanyamaza, na hukumu itakuwa yenu.

Kule nyanda za juu kuna mji mdogo uitwao Ilunda, ambako ukungu hushuka hata mchana mpaka mtu akashindwa kumwona mbuzi aliyemfunga mwenyewe mlangoni. Mji huo una timu, Ilunda United, na ndani ya timu hiyo walikuwamo watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza alikuwa Eliuta Kitalika, seremala kwa kazi, kipa na nahodha kwa mapenzi. Alianza kulinda lango wakati baadhi ya wenzake bado wanavaa kaptura za shule ya msingi. Kipaji chake kilikuwa kuwasoma wapigaji. Alimtazama mtu mguu anaosimamia, si ule anaopigia, akajua mpira unakwenda upande gani kabla mwenyewe hajaupiga.

Wa pili alikuwa Skola Mgaya, kocha. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na aliwahi kuwa kiungo hodari wa timu ya wanawake ya mkoa mpaka goti lilipomkatalia. Sisi wengine tukitazama mechi tunaufuata mpira kwa macho. Skola alitazama mahali ambapo mpira haupo. Aliona nafasi iliyo wazi, akajua nani angepaswa kuwa pale.

Wa tatu alikuwa Obedi Nyagawa, kijana aliyepakia magunia ya viazi kwenye malori. Yeye alipewa mbio. Mtupie mpira mbele yake pembeni mwa uwanja, na beki aliyepangwa kumzuia atabaki kusoma namba iliyo mgongoni mwake.

Mtaniuliza, timu yenye watu kama hao ilifungwaje? Ilifungwa, ndugu zangu, tena ilifungwa vibaya. Mzunguko wa kwanza wa ligi ya mkoa uliisha Ilunda ikiwa mkiani kabisa. Timu mbili za mwisho hushuka daraja, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba mojawapo itakuwa ni wao. Mechi ya mwisho ya mzunguko huo walifungwa saba nyumbani kwao. Mashabiki waliondoka kabla ya kipenga cha mwisho, na waliobaki walibaki ili watukane.

Siku hiyo wachezaji waliingia kwenye darasa walilolitumia kubadilishia nguo, wakaketi kwenye madawati madogo, magoti yamewafika kifuani. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mlelwa, akawageukia mabeki.

"Ninyi ndio mnaotuaibisha," alisema. "Kipa wetu mnamwacha peke yake kama yatima!"

Mabeki wakainamisha vichwa. Ndipo Eliuta akasimama, bado amevaa glavu.

"Mzee, usiwalaumu hawa vijana," alisema. "Mabao matatu kati ya yale, sikuuona mpira mpaka ulipokuwa usoni pangu. Jicho langu la kushoto limeingia ukungu, na ukungu huo hauondoki jua likiwaka. Lilianza msimu uliopita. Nilinyamaza kwa sababu sikujua mimi ni nani nikitoka golini."

Eliuta akavua glavu zake, akavuka chumba, akaziweka mapajani mwa Tito, kipa wa akiba, ambaye msimu mzima alikuwa hajagusa nyasi ila wakati wa kupasha misuli.

"Kaka Eliuta, mimi siwezi," Tito alisema.

"Huwezi leo," Eliuta akamjibu. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi njoo karakana kwangu."

Tito akaenda, kesho yake na kila siku iliyofuata. Kabla ya kushika randa na msumeno, Eliuta alikwenda naye uwanjani, akamfundisha kila alichokijua: namna ya kusimama, namna ya kuanguka bila kuumia, na ule mguu wa kusimamia. Hakumficha chochote. Watu waliopita njiani walimwona nahodha mzima akimpigia mipira kijana aliyemrithi, akimwokotea, akimpigia tena. Wakati wa mechi alisimama nyuma ya lango akiwa na koti lake la kazi. Nimeambiwa kwamba mara ya kwanza aliposimama pale alilia. Ila mechi ilipoanza, Tito alisikia sauti ile ile iliyokuwa ikiituliza timu miaka yote.

Kwa upande wa Skola, kazi ilikuwa nyingine. Aligundua kwamba Ilunda walikuwa wakicheza kama timu za mabondeni. Walipiga mipira mirefu, ya juu, kwenye uwanja ambao mpira ukipanda tu unamezwa na ukungu na unarudi chini mahali usipopajua. Akaamua kwamba kuanzia siku ile mpira utatembea chini, kwa pasi fupi, tena kuanzia kwa kipa mwenyewe. Mazoezini aliweka sheria: atakayeupandisha mpira juu ya goti ataufuata mwenyewe kwenye msitu wa misindano, kule chini mtelemkoni. Wiki ile ya kwanza msituni kulikuwa na wachezaji wengi kuliko uwanjani.

Mwanzoni mambo yalizidi kuwa mabaya. Mabeki waliokuwa hawajazoea walinyang'anywa mpira mbele ya lango lao, wakafungwa. Mechi iliyofuata, wakafungwa tena. Mashabiki wakaimba kwamba kocha arudi kufundisha hesabu. Matusi yale yakamfuata mpaka shuleni, kwa sababu watoto wa darasa la nne hurudia yanayosemwa nyumbani.

Mzee Mlelwa akamfuata ofisini kwa walimu. "Mwalimu, waache wapige mbele. Watu wamechoka."

"Mzee wangu, nami nimechoka," Skola alisema. "Lakini vijana wanaanza kuelewa. Nikiwabadilishia sasa, hawatajua kucheza hivi wala vile."

"Na wakifungwa Jumamosi?"

"Jumapili sitakuwa kocha wenu. Nitaandika barua mimi mwenyewe, msihangaike kunifukuza."

Jumamosi walitoka sare. Jumamosi iliyofuata wakashinda bao moja, lililotokana na pasi nyingi hata mashabiki waliokuja kuzomea wakajikuta wamesimama.

Naye Obedi? Katikati ya hayo yote, dirisha la usajili likiwa wazi, alikuja mtu kutoka timu kubwa ya Mbeya. Alikuwa amemwona Obedi akikimbia katika mechi moja kati ya zile za vipigo, akasema kijana huyu anapotea hapa. Akamtaka aondoke naye. Kule wachezaji walikuwa na nyumba ya kulala, daktari wa timu, na mechi zinazotangazwa redioni.

Skola alipopata habari hakumzuia. "Mdogo wangu, nenda," alimwambia. "Nafasi kama hii mimi niliisubiri maisha yangu yote."

Obedi akaomba siku ya kufikiri. Akarudi kwa yule mgeni na ombi: amsubiri msimu uishe.

"Sisi hatusubiri," mgeni alisema. "Wenye mbio wapo wengi."

"Basi mchukue huyo mwingine. Kaka Eliuta ametoa nafasi yake, kocha anatukanwa kila siku, halafu mimi nipande gari? Sitaweza kula huko."

Mgeni akaondoka, na baada ya wiki mbili ikasikika kwamba timu ile imesajili winga kutoka Songea. Obedi alirudi kupakia viazi. Hakulalamika mbele za watu, ingawa mama yake alisema alikaa siku kadhaa bila kuongea. Halafu akaanza kufunga. Kila timu iliyokuja Ilunda iliweka watu wawili wa kumchunga, na bado akafunga.

Hivyo ndivyo timu ilivyobadilika. Waliokuwa mkiani wakapanda nafasi moja, kisha nyingine. Tito akaacha kuogopa. Mabeki wakaanza kutaniana wakiwa na mpira miguuni. Uwanja uliokuwa na watu wa kutukana ukajaa akina mama na vigelegele. Ikafika siku ya mechi ya mwisho, dhidi ya Mlimani FC, na hesabu ikawa rahisi: wakishinda wanabaki, wakitoka sare au kufungwa wanashuka.

Mechi hiyo ilikuwa ngumu. Dakika zikaenda bila bao. Ukungu ukashuka kipindi cha pili. Muda ukiwa umekaribia kuisha, beki mmoja wa Ilunda akaunawa mpira ndani ya eneo la hatari. Mwamuzi akaonyesha penalti. Wapo watu waliogeuka wakatazama ukuta.

Mpigaji wa Mlimani akauweka mpira. Nyuma ya lango Eliuta hakusema kitu. Alikuwa amekwisha kusema yote. Tito akatazama chini, kwenye mguu wa kusimamia, akaruka kulia. Mpira ukampiga viganjani, akauangukia na kuukumbatia.

Uwanja mzima ukalipuka: "Piga mbele! Piga mbeleee!" Hata Mzee Mlelwa alipiga kelele hizo. Lakini Tito akainuka, akauviringisha mpira taratibu mpaka kwa beki wa kushoto. Beki akampa kiungo. Kiungo akarudisha, akapewa tena. Mlimani, ambao wote walikuwa wamepanda kushangilia penalti, walikuwa wameacha nusu ya uwanja wazi, mahali pale pale ambapo Skola alikuwa akiwaonyesha kwa miezi kadhaa. Pasi ikapenya chinichini, ikaingia kwenye uwazi ule.

Obedi akaukimbilia. Mabeki wawili wakamfuata mpaka ukungu ukawameza wote watatu. Watu upande wa kaskazini hawakuona chochote. Walisikia tu nyavu zikitikisika, kisha wakamwona Obedi akitoka ukunguni peke yake, jezi imevuliwa, anakimbia huku analia.

Ilunda ikabaki kwenye ligi.

Sasa ndipo tatizo lilipoanza. Jirani na uwanja anaishi Bi Enea Mwalongo, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Marehemu mume wake alikuwa mmoja wa waanzilishi wa timu ile. Jumapili, watu wakiwa bado wanasherehekea uwanjani, bibi huyo akaja akivuta mtamba mwekundu, tumbo tayari limejaa, anakaribia kuzaa.

"Kamwene," akawasalimu, na wote wakaitikia. "Mume wangu angekuwepo angefanya hivi. Ng'ombe huyu ni wa mtu aliyeiokoa timu hii. Mtu mmoja. Sitaki auzwe mgawane, sitaki achinjwe mle nyama siku moja mkasahau. Nataka nikipita njiani nione maziwa yanatoka kwenye nyumba ya mtu huyo, nimkumbuke mzee wangu. Haya, nimpe nani kamba?"

Kelele zikaanza hapo hapo.

"Ni Eliuta!" walisema mafundi wa karakana. "Angeng'ang'ania golini, nani angemtoa? Penalti ile iliokolewa na mafunzo yake. Muulizeni Tito mwenyewe."

Tito akakubali kwa kichwa. "Nilifanya nilichofundishwa," alisema.

"Kipa akidaka halafu akabutua, mpira unapotea ukunguni na mechi inaisha sare!" wakapinga walimu. "Aliyewafundisha wasibutue ni Skola. Kazi yake haionekani kwa sababu imo ndani ya miguu ya watu kumi na moja."

"Pasi nzuri bila mtu wa kuikimbilia ni ya nini?" wakadakia wapakiaji wa viazi. "Obedi angekuwa Mbeya siku ile! Hao wengine walitoa walivyokuwa navyo. Yeye alitoa hata ambavyo hajavipata."

Bi Enea akainua mkono wanyamaze. Akawauliza wale watatu wenyewe.

Eliuta akasema, "Mpeni kocha. Mimi nilificha jicho langu msimu mzima, tukafungwa kwa sababu yangu. Nilichofanya baadaye ilikuwa ni kulipa tu."

Skola akatikisa kichwa. "Mimi ningeweza kuwafundisha mpaka nizeeke. Siku Eliuta alipovua glavu ndipo vijana walipoanza kunisikiliza. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa analinda nafasi yake."

Obedi akajikuna kisogo. Kisha akasema, "Bibi, mimi sitaki kusema uongo. Mimi namtaka. Mama yangu hajawahi kufuga ng'ombe, na Mbeya sikwenda."

Watu wakacheka, lakini Eliuta na Skola hawakucheka. Walimtazama kwa upendo, wala hakuna aliyesema kwamba amekosea.

Bi Enea akamtazama mmoja baada ya mwingine, kamba bado imezunguka kiganja chake, na mtamba akaanza kula nyasi za uwanja.

Mimi hadithi yangu inaishia hapa. Nyinyi mmewasikia wote: aliyeachia nafasi yake na kumfundisha mrithi, aliyevumilia matusi mpaka timu ikajifunza, na aliyeikataa safari yake kisha akafunga bao. Ukimwondoa mmoja, Ilunda inashuka daraja.

Haya, wewe uliyekaa hapo mbele, ungekuwa Bi Enea, kamba ungemkabidhi nani? Na hao wawili waliobaki, ungewaambia nini?