Mistari ya Bi Lubaba Mchangani

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa mitende aliishi mja mwema, Bi Lubaba binti Suhail, naye alishtakiwa na jirani yake, Hamdun. Mfereji wa kunyweshea mitende ya Bi Lubaba ulikatiza shamba la Hamdun, naye akataka kuuziba. Ukizibwa, mitende ingekufa, na mayatima wanne aliowalea wangekosa riziki.

Kadhi wa mji ule alikuwa na desturi yake. Kila hoja aliiwekea kokwa ya tende mchangani, kisha akachora mstari hadi kwenye kinachoishikilia: shahidi, kiapo au hati. Kokwa isiyo na mstari aliiokota akaitupa.

"Tangu lini wanawake wakabishana mbele ya kadhi?" Hamdun akafoka.

"Tangu wanaume walipochoka kufikiri, ndugu yangu," Bi Lubaba akamjibu. "Haya, toa hoja yako iwekewe kokwa."

Watu wakaangua kicheko. Hoja za Hamdun zikaokotwa zote. Za Bi Lubaba zikasimama tatu: baba yake aliuchimba mfereji, maji yamepita miaka arubaini, na marehemu baba yake Hamdun aliridhia.

Jua lilikuwa kali. Bi Lubaba akawa kama mtu aliye baina ya usingizi na kuwa macho, akaiona ile mistari ikijaa maji, yakitiririka taratibu, yakimeremeta. Akayafuata hadi chimbuko, akakuta yote yanatoka kwenye kokwa moja, ile ya ridhaa. Hapo ikamjia sauti ya baba yake katika maradhi yake ya mwisho: "Binti yangu, mzee yule aliniruhusu kwa uhai wangu tu." Hakuna mwingine aliyeyasikia maneno yale, ila Mola wake.

"Kuna la kuongeza kabla sijahukumu?" akauliza Kadhi.

Bi Lubaba akawakumbuka mayatima. Kisha akainama, akaufuta mstari wa kokwa ya ridhaa kwa kidole chake.

"Ridhaa ile ilikufa na baba yangu, ewe Kadhi. Na hizi mbili zimeiegemea hiyo hiyo."

"Mbona umesema?" Hamdun akanong'ona. "Mimi sikujua!"

"Wewe hukujua."

Kadhi akaziokota zote tatu, akampa Hamdun haki. Hamdun akautazama mchanga mtupu, kisha akarudi mbele ya Kadhi.

"Kadhi, ushindi huu nimepewa na yeye. Andika ridhaa yangu mpya ya mfereji, kwa ajili yake na warithi wake."

Nasi tunaojisifu kwa ulimi mkali, mara ngapi tumeliona pengo katika hoja yetu tukalifunika kwa kelele? Allah atujaalie ujasiri wa kuufuta mstari wetu wenyewe, hata pale ambapo hapana Hamdun wa kulainika moyo.