Reale ya Mizinga Miwili

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya wagonjwa? Mimi shule niliiacha mapema, ila sauti sikuiacha huko. Tena! Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa nasikia watu. Hadithi hii hakuna anayeisimulia kunishinda mimi. Anayebisha atangulie na ya kwake. Hakuna? Nilijua.

Hapo kale, kale ya babu wa babu yako, palikuwa na kijiji cha warina asali. Bahari iko mbali, mbali kabisa. Kila mti una mzinga, kila mzinga una nyuki, kila mtoto ana mdomo unaonata. Vuuu asubuhi. Vuuu jioni.

Hapo aliishi Bi Kidawa. Mzee yule! Meno mawili, maneno elfu. Baba yake alikuwa sonara, na utotoni Bi Kidawa alikuwa akimvukutia moto.

Hapo aliishi pia Mashavu, mjamzito, tumbo limetangulia mbele kama ngoma. Shingoni alivaa reale moja, sarafu ya fedha ya kikale, aliyoachiwa na bibi yake. Wanawake wa ukoo wao huibana kiganjani wakati wa uchungu wa kuzaa. Bibi aliibana. Mama aliibana. Ikalika, ikalika, ikawa laini kama kipande cha sabuni. Huoni sura, huoni herufi.

Siku moja akaja Songoro, muuza chumvi, kilemba kikubwa kuliko kichwa. Akaiona. Akaitamani. Akapiga ukelele:

"Mwizi! Reale yangu hiyo! Imetoka mzigoni mwangu!"

Na sheria ya kijiji kile mnaijua? Hamuijui, mnatikisa vichwa tu. Mwizi hufukuzwa siku hiyo hiyo, hata awe na tumbo. Mashavu akalia. Akazae wapi? Porini, fisi wawe wakunga wake?

Wakaenda kwa Bi Kidawa, watu wote nyuma yao. Akaichukua reale, akaiangusha jiweni. Ngiiing!

"Fedha tupu," akasema. Akapapasa ukingo kwa ukucha. "Ukingoni kumechongwa majani. Mkongwe mwenzangu huyu. Haya, Songoro mwanangu, reale ziko namna nyingi. Yako ni ipi?"

"Ya mizinga, bibi! Wafanyabiashara wote tunaiita reale ya mizinga."

Jina alilisikia njiani, mjanja yule. Jina tu.

"Mizinga ipi?"

Songoro akainua kilemba. Akatazama juu mtini. Vuuu, vuuu.

"Ya nyuki, bibi! Miwili. Imelala juu ya tawi, na nyuki wanatoka."

"Kweli!" watu wakapiga makofi. "Mzinga ni mzinga!"

Msiwacheke. Nanyi mngepiga makofi.

"Na wewe, mjukuu wangu?"

Mashavu akafuta machozi. "Yangu haina nyuki, bibi. Bibi yangu aliniambia ni mizinga ya baruti, lakini imesimama wima kama nguzo. Kila mmoja umezungushiwa kitambaa. Katikati kuna dunia mbili zimebanana, juu yake taji. Chini ni maji."

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. "Mzinga umesimama! Umevaa nguo! Nyuki wataingilia wapi?"

Bi Kidawa hakucheka. "Nileteeni jembe," akasema.

Wakaleta jembe. Akaingia nalo jikoni, watu nyuma, akalitia motoni. Fuu, fuu, akapuliza. Fuu, fuu, likawa jekundu. Akaziba mlango wa jiko kwa mkeka, kukawa giza, jua liko nje.

"Nyundo iliyoipiga reale hii iliibana hadi ndani," akasema. "Juu imelika. Ndani bado. Tazameni, wala msipepese."

Akailaza reale juu ya jembe.

Ikapata moto. Ikaanza kung'aa. Hamadi! Mzinga mmoja, umesimama. Mzinga wa pili, umesimama. Vitambaa vimezunguka. Dunia mbili, taji, maji. Vyote vinawaka kama makaa!

"Songoro baba," akasema Bi Kidawa, "nyuki wako wameruka?"

Songoro akarudi nyuma, akautafuta mlango gizani.

Sheria ni sheria, na mwizi ni yeye. Walimtoa siku ile ile, yeye na chumvi yake, na watoto wakimfuata nyuma: "Vuuu! Vuuu!"

Bi Kidawa akaipepea reale ikawa vuguvugu, laini vile vile, kama haijawahi kusema neno. Akamrudishia Mashavu. Na kumbe vishindo vya siku ile vilishaamsha uchungu. Mashavu akaibana kiganjani, ingali na joto la jembe, akajifungua mtoto wa kike palepale jikoni. Akamwita Kidawa.

Basi nyie mnaopenda vya watu, sikieni: kulijua jina la kitu si kukijua kitu. Mwenye nacho ataulizwa, naye atajibu. Wewe utatazama mtini.

Hapa naikunja hadithi yangu. Anayesema nimedanganya, akatie jembe lake motoni.