Kwa Nini Kunyonyoka Nywele Kuna Jina la Mbweha

Zamani sana, magonjwa yalipokuwa bado hayajapewa majina, mtu akiugua aliulizwa swali moja tu: umemkosea nani? Mnacheka, mabinti zangu, lakini nililisikia swali hilo miaka yangu yote ya uuguzi, na hata hapa saluni nimelisikia.

Basi huko Ugiriki alikuwapo msichana aitwaye Mirto, aliyeposwa na kijana wa kijiji chao. Desturi yao ilikuwa bibi harusi akate shungi la nywele, alipeleke hekaluni kwa mungu wao wa kike, ndipo aolewe. Harusi ilipokaribia, nywele za Mirto zikaanza kutoka zenyewe, mabaka mabaka. Maskini, alilia hadi macho yakavimba, maana alimpenda sana yule kijana.

Fano, mama wa mchumba, hakuwa na subira. "Mungu amejichukulia nywele mwenyewe kwa hasira," alisema. "Mwanangu haoi laana." Akawaita wazee wauvunje uchumba.

Asubuhi ya kikao Mirto alikimbilia shambani kwa baba yake kujificha. Katika mtego uliotegwa penye mizabibu akakuta mbweha. Kwanza alimwogopa, kisha akashangaa, akainama amtazame vizuri. Ubavuni na mkiani mnyama yule alikuwa amenyonyoka manyoya, mabaka mabaka, sawasawa na kichwa chake yeye. Na huyu je, amemkosea nani? Akamtia kwenye tenga, akajitwika, akaenda kikaoni bila hata kujifunika kitambaa.

"Wazee wangu," alisema akifunua tenga, "huyu naye alipaswa kupeleka nywele hekalu gani?"

Wazee wakamtazama mbweha, wakamtazama binti, wakatazamana. Fano naye akasogea kuchungulia tenga. Mwishowe mzee mmoja akakohoa: "Hii si laana. Ni ugonjwa wa mbweha."

Harusi ikafungwa. Nywele hazikurudi upesi, nisiwadanganye; Mirto alipeleka hekaluni kale kashungi kalikobaki nyuma ya sikio, nako kakapokelewa.

Na tangu siku hiyo, kwa kuwa Wagiriki walimwita mbweha alopeksi, ugonjwa ule wakauita alopekia. Madaktari wetu wameurithi, wanasema alopesia. Kwa hiyo wewe Siwema, uliyejitanda mtandio tangu uingie humu, daktari akikuandikia neno hilo usiende kumtafuta aliyekuroga. Vua mtandio, mwanangu, tuone.